Kumpunguza ukubwa mhusika wa leya nyingi bila kumharibu

Mhusika ninayemchora sasa ni mama muuza dagaa wa Mwaloni, Kirumba. Kichwa kina leya yake (tabaka la mchoro linalojitegemea), na macho, nyusi, mdomo, kilemba, mikono, kanga, miguu na beseni vivyo hivyo. Atasimama kando ya mtumbwi uliovutwa mchangani, na kipimo chake kinaanzia kwenye mtumbwi huo. Ukingo ukimfika mapajani, mtazamaji wa Mwanza atamwamini. Kwa hiyo weka mandhari kwanza, ndipo ushike mhusika.

Natumia Krita, programu ya kuchorea kwenye kompyuta. Ni ya bure, na sehemu ya animesheni imo tangu toleo la 3.0 la mwaka 2016.

Hifadhi nakala ya faili kwa jina lingine, ile ya asili usiiguse tena. Chagua leya zote za mhusika, bonyeza Ctrl na G ziingie kwenye kundi moja. Sasa kagua alama ya kufuli, leya moja baada ya nyingine, ufungue zilizofungwa. Leya iliyofungwa haibadiliki: uso unapungua, mdomo unabaki na upana ule ule hadi unavuka mashavu. Iliyofichwa haina shida, inabadilika pamoja na wenzake, hata yale macho ya kufumba uliyoyazima kwa muda.

Bofya jina la kundi, kisha Ctrl na T kuleta zana ya kubadili ukubwa. Vuta kona ya juu, si ya chini. Kona ya chini ya upande wa pili haitasogea, na nyayo zitabaki usawa wa mchanga. Shikilia Shift ili upana na urefu viende pamoja. Mimi napenda zaidi kuandika asilimia kwenye visanduku vyake, maana mkono hudanganya. Maliza kwa Enter.

Ukiona amekuwa mdogo mno, tafadhali usimkuze kutoka hapo. Tendua kwa Ctrl na Z, uanze upya na asilimia nyingine. Pikseli, zile nukta ndogo zinazounda picha, zikishaunganishwa hazirudi. Ukimkuza, programu inakisia rangi za katikati na kingo zinaingia ukungu. Ndiyo maana kwa video ya 1920 kwa 1080 mama huyu nimemchora na urefu wa pikseli 2000, nikampunguza hadi asilimia 40, akabaki na 800.

Hapo mistari nayo inapungua. Mstari wa pikseli 10 unakuwa wa 4, na ule wa kope unakaribia kufutika. Chora upya mistari ya uso kwa ukubwa mpya. Dagaa wa kwenye beseni ndio wanaosumbua kweli: ukiwapunguza wote wanageuka vumbi la kijivu. Wafute, paka rangi moja ya fedha, kisha chora wachache wa juu, mikia ikichomoza ukingoni mwa beseni.

Haya yote yafanyike kabla ya kuanza kuchora mwendo. Sekunde 10, kila moja ikiwa na fremu (picha) 24, ni fremu 240, na hakuna anayetaka kurekebisha mdomo kwenye kila moja.

Ukimhitaji mtoto wake, usimpunguze mama mzima, utapata mama mfupi. Mtu mzima ana urefu wa vichwa saba hivi, mtoto mdogo vitano. Punguza kiwiliwili na miguu hadi asilimia 50, kichwa kiishie 70. Shingo haitakubali kuungana vizuri. Ifute, uichore upya, fupi na nyembamba.