Kuchora Bogonvilia kwa Rangi za Maji: Nusu Saa Bustanini

Mtu anayeshinda mbele ya kompyuta huambiwa apumzike, naye mara nyingi huishia kushika simu. Mwongozo huu unapendekeza pumziko la namna nyingine, yaani kutoka na kiboksi cha rangi za maji, kuketi bustanini kwa nusu saa, na kuchora mmea mmoja. Nasisitiza mmoja, kwa kuwa anayetaka kuchora bustani yote pamoja na ukuta, tangi la maji na paka wa jirani hurudi ndani akiwa amechoka kuliko alivyotoka.

Kabla ya kufungua rangi, tafuta kivuli. Rangi za maji huhitaji maji yakae juu ya karatasi kwa muda ili zisambae na kuingiliana, na kwenye jua la saa sita maji hayo hukauka kabla brashi haijarudi kikombeni, yakaacha michirizi isiyofutika. Isitoshe, karatasi nyeupe iliyo juani humdanganya mchoraji: kila rangi huonekana hafifu, akaongeza nyingine na nyingine, kisha akiingia ndani anakuta picha yake ni nzito na imejaa giza. Kwa hiyo mmea uwe juani, lakini wewe na karatasi yako mwe kivulini. Baraza ni bora kuliko chini ya mti, maana kivuli chenye madoa ya jua husumbua macho zaidi kuliko jua lenyewe. Saa nzuri ni kati ya saa moja na saa tatu asubuhi, au baada ya saa kumi alasiri, wakati jua limeinama na vivuli virefu vinaonyesha umbo la vitu. Hata hivyo jua husogea nyuzi 15 kila saa, hivyo weka alama za mipaka ya vivuli kwa penseli mwanzoni, na vikihama usivifuate.

Kama pesa ni kidogo, itumie kwenye karatasi. Karatasi ya kawaida ya kuchapia, yenye gramu 80 kwa mita ya mraba, hujikunja mara tu inapolowa. Tafuta ya gramu 300 yenye ukwaruzo kidogo, na ukubwa wa A5 utatosha. Brashi moja ya mviringo, namba 8, ambayo ncha yake huchongoka inapolowa, hufanya karibu kazi yote. Ongeza kitambaa cha pamba, sahani nyeupe ya kuchanganyia, na vikombe viwili, kimoja cha kuoshea brashi na kingine cha maji yatakayobaki safi. Rangi zenyewe ni unga uliofungwa kwa gundi ya migunga, zao ambalo Sudan ndiyo inayoongoza kulitoa duniani, na kwa kuwa gundi hiyo huyeyuka tena ikiguswa na maji, rangi iliyokauka miezi mingi hufufuka kwa matone mawili. Mimi hutumia nne tu: manjano ya ndimu, majenta, buluu ya ultramarini, na kahawia nyekundu kama ya matofali.

Sasa tazama bogonvilia kwa dakika tano bila kugusa brashi. Kile tunachokiita ua ni majani yaliyogeuka rangi. Maua halisi ni yale madogo meupe, kwa kawaida matatu, yaliyo katikati. Majani hayo ni membamba kama karatasi na mwanga hupenya ndani yake, ndiyo maana mmea huu unazifaa sana rangi za maji. Chora umbo la kichala kizima kwa penseli nyepesi, bila kuhesabu jani mojamoja. Kwa kuwa weupe wa picha ni weupe wa karatasi, yaruke yale maua madogo, kisha lowesha sehemu iliyobaki kwa maji safi, gusisha majenta kwa ncha ya brashi, uiache itembee yenyewe. Upande wa kivuli ongeza buluu kidogo wakati karatasi bado inang'aa. Mng'ao ukitoweka, weka brashi chini, maana maji mapya yatasukuma rangi pembeni na kuacha doa lenye kingo kama ramani. Gusa karatasi kwa mgongo wa mkono: ikiwa ya baridi, bado ni mbichi. Rangi ikikauka hufifia, kwa hiyo mchanganyiko wa kwanza uwe mkolevu kuliko unavyodhani inafaa.

Kijani cha kiboksi hupiga kelele. Changanya chako kwa manjano na buluu, kisha ukitulize kwa kahawia kidogo sana. Jani lililopigwa na jua kutoka nyuma lina manjano zaidi, na lile linaloakisi anga lina ubuluu. Kwa vivuli usitumie nyeusi, kwani buluu na kahawia zikichanganywa hutoa kijivu chenye uhai.

Nusu saa ikiisha, acha, hata kama kona moja imebaki tupu, kwa sababu rangi za maji huharibiwa zaidi na marekebisho kuliko na makosa. Maji machafu yamwagwe mbali na mifugo. Kuku wetu waliwahi kuyanywa kikombeni, na ingawa hawakudhurika, zipo rangi zenye kadimiamu au kobalti ambazo ni sumu. Brashi ilazwe ikauke, isisimamishwe, ili maji yasiteremke na kulegeza gundi inayoshika nywele zake. Kiboksi nacho, hasa kwa wakazi wa pwani, kiachwe wazi kivulini hadi rangi zikauke kabisa. Kikifungwa na unyevu, baada ya siku chache utakifungua na kukuta ukungu.