SOMO: Kupanga taa za uani ukiwa unaishi jangwani

Wakuu habari zenu. Hili somo nimeliahidi tangu kiangazi kilichopita na kila nikikaa kuandika kazi zinanibana, leo nimepata nafasi ngoja tulimalize.

Mi niko Tucson, Arizona, mwaka wa nane sasa. Nilianza kwa kubeba mawe na changarawe kwenye kazi za bustani, baadae fundi mmoja Mmeksiko akanishika mkono akanifundisha waya za nje, kwa hiyo haya ni mambo ya kushika kwa mkono, mengine nimeyajua kwa hasara.

Kwa wasiojua huku, mwezi wa sita mchana unafika nyuzi 40 na kitu, hakuna mtu mwenye akili timamu anakaa nje. Uani panaanza kuishi jua likizama, ndo majiko yanawashwa, watoto wanatoka kucheza, wazee wanatandika bao. Bila taa uani wako ni wa kuangalia dirishani tu.

Sasa kosa langu la kwanza. Nilinunua taa 12 za sola za plastiki zile za kuchomeka ardhini, ilikuwa mwezi wa nne, nikajiona mjanja maana jua huku ni la bure. Kufika mwezi wa nane plastiki imekuwa kama biskuti, ukiigusa inakatika, betri zimevimba, zile tatu zilizobaki zinatoa mwanga wa njiti ya kiberiti. Hapo ndo nikaelewa kwamba taa za jangwani hazifi usiku zikiwa zinawaka, zinafia mchana zikiwa zimezimwa. Jua ndo linaziua. Ukishalielewa hilo mengine yote yanajipanga.

HATUA YA 1: Toka nje usiku na tochi, usinunue kitu bado

Tembea kama unavyotembea siku zote. Mlangoni hadi jikoni la nje, hadi kwenye mapipa ya taka, hadi geti la nyuma. Pale unapojikwaa au unaposita kuweka mguu, weka jiwe la alama. Huku kusita ni jambo la maana, usiku wa joto nyoka wa njuga anatoka kujinyoosha kwenye njia ambayo bado ina uvuguvugu, unataka umwone kabla hajakuona. Halafu kaa kwenye kiti chako unachopenda, mwambie mtu ashike tochi pale unapofikiria kuweka taa, ikikuchoma macho hapo sipo, hamisha. Na chagua usiku usio na mwezi, kwa sababu changarawe nyeupe ya huku mwezi ukiwa mkubwa inang'aa yenyewe utadhani huhitaji taa kabisa. Hiyo changarawe ni msaada pia, inarudisha mwanga, kwa hiyo taa ndogo inatosha kuliko kwenye nyasi.

Mimi nilibaki na mawe 8 kutoka taa 20 nilizokuwa nimeziota.

HATUA YA 2: Rangi ya mwanga, na kofia

Chukua mwanga wa njano, kwenye boksi imeandikwa 2700K (K ni kipimo cha rangi ya mwanga) au chini ya hapo. Achana na ule mweupe wa hospitali. Sababu sio urembo, mwanga mweupe una bluu nyingi na bluu inaita wadudu, wadudu wakijaa ukutani anakuja mjusi na anakuja nge kula wadudu. Nge wa huku yule mdogo wa rangi ya majani makavu anapanda ukuta vizuri tu na sumu yake sio ya mchezo hasa kwa mtoto. Kwa hiyo ile taa kali uliyoweka juu ya mlango ili upate usalama umewapikia nge chakula mlangoni kwako.

La pili kila taa iwe na kofia, mwanga ushuke chini usipande juu. Hapa Tucson ni sheria kabisa, wana kanuni za taa za nje tangu 1972, maana mlima wa Kitt Peak ulichaguliwa 1958 kuwa kituo cha darubini kubwa za kuangalia nyota, na shirika la DarkSky la kupigania giza la usiku lilianzia hapa hapa mwaka 1988. Mwanzoni niliona ni mambo ya wazungu wasio na kazi. Siku nilipozima zile taa mbaya nikaangalia juu nikaona ule mkanda wa nyota kama tunavyouona kijijini, nikanyamaza.

Wengi wanataka kumulika kaktasi kubwa ya saguaro kutoka chini kwenda juu, ni kweli inapendeza. Kama lazima, weka taa ndogo moja, izimwe mapema, ila mi nashauri mulika ukuta ulio nyuma yake kwa taa inayoshuka, utapata kivuli cha kaktasi ambacho ni kizuri kuliko kaktasi yenyewe.

HATUA YA 3: Vifaa

Plastiki hapana. Aluminiamu ya kupakwa rangi inapauka na kubanduka miaka michache upande wa jua. Brasi au shaba, bei inauma mara moja tu, itabadilika rangi iwe kama sufuria ya bibi lakini haifi. Ila chuma chochote kikikaa juani mchana kinachoma vibaya, kama una mtoto anayetambaa taa za njiani ziweke ndani ya vichaka au nyuma ya mawe.

Transfoma (ile ya kushusha umeme wa 120 kuja volti 12) iweke ukuta wa kaskazini au mashariki. Ukuta wa magharibi usiusogelee, unapigwa jua alasiri yote na saa nne usiku ukiushika bado ni wa moto. Zile kapasita za ndani (vipande vidogo vinavyotunza umeme) zinakufa kwa joto, wanaojua elektroniki wanasema kila nyuzi 10 zikiongezeka uhai unapungua karibu nusu.

HATUA YA 4: Hesabu, usiruke hapa

Mfano wangu: taa 4 za njia wati 3 kila moja ni 12, mbili za kumulika ukuta wati 5 ni 10, mbili za ngazi wati 4 ni 8. Jumla wati 30. Transfoma usiijaze zaidi ya asilimia 80, kwa hiyo 30 gawa kwa 0.8 unapata 37.5, nunua ya wati 60 na utabaki na nafasi ya kuongeza.

Waya sasa. Wati 30 kwa volti 12 ni ampea 2.5. Kama taa zote ziko mwisho wa waya wa mita 30, waya mwembamba wa geji 16 utakula karibu volti 2 njiani, taa zinapata 10 na zinawaka kama zinasinzia. Geji 12, ambayo ni nene zaidi, inakula kama 0.8 tu. Tofauti ya bei ni ndogo, watu wengi wanabadilisha taa mara tatu wakati ugonjwa ni waya.

HATUA YA 5: Kuchimba

Kabla ya jembe piga 811, ni bure, wanakuja kupaka rangi mahali mabomba ya gesi na umeme yanapopita. Arizona unawapa siku mbili kamili za kazi. Ila hawaweki alama mabomba yako mwenyewe, ya umwagiliaji na ya gesi ya jiko la nje, hayo uyatafute wewe.

Waya wa volti 12 unazikwa inchi 6, kama sentimita 15. Utasema ni kidogo, subiri ukutane na kaliche. Hilo ni tabaka jeupe la chokaa chini ya udongo, gumu kama saruji, jembe linaruka linakurudia. Mwagia maji usiku, asubuhi saa 11 kabla ya jua piga mtaimbo. Waya uupitishe ndani ya bomba la plastiki, sio kwa ajili ya maji, ni kwa ajili ya panya wa jangwani na sungura, wanatafuna waya kama miwa. Maungio tumia vile viunganishi vyenye grisi ndani, mvua za monsuni zinapopiga, Juni 15 hadi Septemba 30 ndo msimu wake rasmi, uani unageuka mto kwa nusu saa.

Ukitaka umeme wa 120 wenyewe ufike nje, ita fundi mwenye leseni, mi hapo sikufundishi.

HATUA YA 6: Taima

Ni kifaa cha kuwasha na kuzima taa chenyewe. Nunua inayojua machweo ya mahali ulipo. Hapa Juni jua linazama saa 1 na nusu usiku, Desemba saa 11 na dakika 20 jioni. Na Arizona hatusogezi saa mbele na nyuma kila mwaka kama majimbo mengine, kwa hiyo kile kipengele cha kubadilisha saa chenyewe kizime, mi taa zangu ziliwahi kuchelewa saa nzima nikaita fundi bure.

Haya, maswali.

MDAU WA PHOENIX: Mkuu asante kwa darasa. Sasa sola ndo tuzike kabisa? Hapa jua tunalo la kugawa.

JIBU: Sola sio mbaya mkuu, ubaya ni betri kukaa pamoja na paneli juani. Paneli yenyewe joto inapunguza nguvu kidogo tu, betri ndo inapikwa. Chukua ile ambayo paneli iko mbali na betri ikae kivulini, tutaelewana.

MDAU WA MUSCAT: Assalaam alaykum ndugu yangu. Sie huku Oman joto lipo na unyevu wa bahari upo, taa zafanya kutu kabla ya mwaka. Tufanyeje?

JIBU: Wa alaykum salaam dada. Nyie mna kazi mara mbili. Pale Quriyat kuna siku moja Juni 2018 joto halikushuka chini ya nyuzi 42.6 saa 24 nzima, kwa hiyo hata usiku taa haipumui, usizidishe wati. Kwa chumvi chukua brasi nzito au chuma cha pua daraja la 316, 304 itakuangusha. Kila wiki mbili zifute kwa maji baridi ya kawaida, chumvi isikae. Na mtu asikuletee transfoma kutoka Marekani, ni ya 120 na nyie mna 240, italipuka.

KIJANA WA LODWAR: Sasa mwalimu, huku Turkana kwetu hatuna stima, ni sola tu. Nataka taa nne za boma, nianze na gani?

JIBU: Karibu kaka. Taa 4 za wati 3 kwa saa 5 ni watisaa 60 kwa usiku. Betri ya lithiamu fosfeti ya volti 12 ampea-saa 12 itakubeba usiku mbili, iweke ndani ya nyumba sehemu yenye hewa. Paneli ya wati 30 inatosha na vumbi lenu, ilaze karibu flati ila na mteremko kidogo vumbi lisikae. Raha yenu ni kwamba mko karibu na ikweta, giza linaingia muda ule ule karibu mwaka mzima, taima ya bei rahisi inatosha.

MDAU MWINGINE: Mnajitesa bure, si ufunge taa moja kubwa ya kumulika uwanja mzima ulale?

JIBU: Jaribu halafu simama karibu nayo uangalie kona yenye kivuli. Huoni kitu, jicho limeshazoea ule ukali. Mwizi anasimama pale pale.

MDAU WA MESA: Na zile tochi za zambarau za kutafutia nge zinafanya kazi kweli?

JIBU: Zinafanya sana, nge anang'aa kijani kama kapakwa rangi. Zima taa zote za uani kwanza, subiri macho yazoee giza, pitia kuta na chini ya vyungu. Ila aliyetoka kujivua gamba sasa hivi hang'ai mpaka ngozi ikauke, kwa hiyo viatu vilivyolala nje uendelee kuvikung'uta.