Namna ya Kuchagua Taa ya Taimingi kwa Matengenezo ya Gari Nyumbani

Kabla ya kuulizia bei ya taa ya taimingi, fungua boneti uangalie kama gari lako linaihitaji. Taa hii ina kazi moja tu, nayo ni kuonyesha plagi ya silinda namba moja inarusha cheche wakati gani ukilinganisha na mahali pistoni ilipofika. Anayefaidika nayo ni mwenye gari ambalo taimingi yake hurekebishwa kwa mkono, yaani lenye distribyuta (kifaa kinachogawia kila plagi umeme wa cheche) inayolegezwa boliti na kuzungushwa, kama vile Corolla za miaka ya 1990 zenye injini ya 4A-FE au 5A-FE, Hilux za petroli zenye injini ya 22R, Datsun 1200 na Volkswagen Beetle. Injini ya 1NZ-FE, iliyomo katika Probox na IST nyingi, ina koili (kifaa kinachozalisha umeme wa cheche) juu ya kila plagi, haina distribyuta, na taimingi yake hupangwa na kompyuta. Mwenye gari la namna hiyo atumie fedha yake kununua kifaa cha kusomea kompyuta badala ya taa. Injini ya dizeli haina plagi za cheche kabisa, kwa hiyo taa ya kawaida haiwezi kuisoma.

Ukishajiridhisha kwamba taa inakufaa, ielewe kwanza inavyofanya kazi, kwa sababu ubora wake wote umo humo. Kibanio hushikishwa kwenye waya wa plagi namba moja, na kila umeme wa cheche unapopita, taa humulika kwa muda mfupi mno. Kwa kuwa plagi hurusha cheche mara moja katika kila mizunguko miwili ya krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni), injini iliyo kwenye sailensa, yaani inayounguruma bila kukanyagwa, ya mizunguko 800 kwa dakika huiwasha taa mara 400 kwa dakika, karibu mara 7 kwa sekunde. Puli ya krenki inamulikwa kila mara ikiwa mahali pale pale, hivyo jicho huiona kana kwamba imesimama, na mkwaruzo uliochongwa ukingoni mwake husomeka dhidi ya digrii zilizoandikwa kwenye kava la mkanda.

Kutokana na hayo, kitu cha kwanza cha kukagua ni kibanio. Taa za zamani za neoni ziliunganishwa moja kwa moja katikati ya waya na plagi, mwanga wake ulikuwa hafifu wa rangi ya chungwa, na zilitaka kazi ifanyike gizani. Usizinunue hata ukipewa kwa bei ya kutupa. Chagua taa yenye kibanio kinachohisi umeme kwa nje bila kuchomoa waya, ambacho taya zake hufunga sawasawa, kwa kuwa kisipofunga barabara taa huruka baadhi ya cheche na alama huonekana ikichezacheza. Kibanio kizuri huwa pia na mshale unaotakiwa kuelekea kwenye plagi. Wauzaji wengi hawautaji mshale huo, lakini ukiupuuza, baadhi ya taa hazitamulika vizuri.

Kuhusu mwanga, balbu ya zenoni ndiyo iliyozoeleka, na hung'aa vya kutosha kutumika kivulini mchana. Zipo pia za LED, ambazo nyingine ni nzuri na nyingine huonyesha alama iliyotanda kama ukungu. Jambo hilo utaliona kwa macho, si kwa kusoma boksi.

Swali linalowasumbua wanunuzi wengi ni kama wachukue taa ya kawaida au yenye kirekebisho cha digrii, cha kuzungusha au cha kidijitali, kinachochelewesha mwanga ili alama ya digrii 10 ionekane kwenye sifuri. Kwa maoni yangu, mwenye gari lililobaki kama lilivyotoka kiwandani hakihitaji, maana digrii anazozitafuta zimeshaandikwa kwenye kava. Kinamfaa yule ambaye kava lake limefutika maandishi, au anayetaka kuona distribyuta inavyosogeza taimingi mbele injini inapokanyagwa. Tahadhari moja ni kwamba katika injini ambayo koili moja huhudumia plagi mbili, cheche hutokea kila mzunguko, hivyo taa ya kidijitali isiyo na swichi ya kubadilisha hesabu husoma maradufu.

Nyaya ziwe ndefu kiasi cha kutoka kwenye betri hadi kwenye puli bila kupita karibu na feni, na pua ya taa iwe nyembamba, kwani katika Corolla nafasi kati ya injini na bodi ni finyu. Mwenye Volkswagen ya zamani ya volti 6 aulize mapema, kwa sababu taa nyingi zinataka volti 12.

Usilipe kabla ya kujaribu. Iwe ni Gerezani jijini Dar es Salaam au Kirinyaga Road jijini Nairobi, mwombe muuzaji uifunge kwenye gari linalounguruma. Kwanza acha injini kwenye sailensa, kisha ikanyage taratibu. Mwanga usikatike wala kupungua kasi. Kama ina kirekebisho, kiweke sifuri, soma alama, kisha kisogeze kwa idadi ile ile ya digrii. Alama isipotua kwenye sifuri, irudishe taa kaunta.

Siku ya kuitumia, isafishe alama ya puli kwa brashi na uipake chaki au rangi nyeupe. Puli nyingi zina mpira kati ya ukingo na kitovu, na mpira huo ukichakaa ukingo huteleza, hivyo thibitisha kwa kuchomoa plagi namba moja na kuhakikisha pistoni iko juu kabisa alama inaposoma sifuri. Fanya kazi mahali penye hewa, wala usikaribishe mkono, kanga au mkono wa shati kwenye feni, ambayo chini ya mwanga huu inaweza kuonekana imesimama ilhali inazunguka. Mwenye kifafa asiitumie kabisa.

Kwa 4A-FE na 5A-FE, pasha injini moto, unganisha tundu la TE1 na la E1, yaliyo kwenye kisanduku cha uchunguzi chini ya boneti, kwa kipande cha waya ili kompyuta iache kusogeza taimingi, kisha zungusha distribyuta hadi usome digrii 10 kabla ya pistoni kufika juu. Kaza boliti na usome tena, maana kukaza huisogeza distribyuta kidogo, halafu ndipo uchomoe kile kipande cha waya.