Geti lisisimame: kuuza tiketi za tamasha mtandaoni na kuzikagua bila intaneti

Kampuni changa ya muziki hapa Kampala haipimwi siku inapozindua tovuti. Hupimwa saa mbili usiku pale uwanja wa kriketi wa Lugogo, foleni imefika barabarani, bodaboda bado zinashusha watu, na maelfu ya simu yanagombea mnara mmoja. Mtandao huzidiwa papo hapo unapouhitaji. Kwa hiyo ujenge mfumo wako kinyumenyume. Anzia getini, hakikisha geti linafanya kazi hata intaneti ikikatika kabisa, kisha rudi kwenye tovuti na malipo. Intaneti ya nchi nzima ilikatwa kwa siku kadhaa Januari 2021 wakati wa uchaguzi, lakini tamasha halihitaji siasa ili likose mtandao: umati wenyewe unatosha.

Hesabu ya foleni

Chukua mfano wa tamasha la watu 2,000. Wachache huwahi, wengi hungoja mpaka wasikie msanii mkubwa anakaribia. Chukulia kuwa 1,400 watafika ndani ya dakika 90: hao ni karibu 16 kila dakika. Simu husoma msimbo wa QR chini ya sekunde moja, ila mtu hafiki na msimbo tayari. Anafungua simu, anatafuta picha WhatsApp, skrini ina giza, anaongeza mwanga, kisha ananyoosha mkono avishwe bangili ya karatasi. Panga sekunde 8 kwa mtu, yaani watu 7 kwa dakika kwa kila mstari. Mistari mitatu inatosha, na simu ya nne iwe imechajiwa na kuingizwa kwenye mfumo, ikae mfukoni mwa msimamizi.

Hesabu hiyo huvurugwa na upekuzi. Kumpekua mtu na mkoba wake kunakula sekunde 15 au zaidi, kwa hiyo watu 16 kwa dakika wanahitaji wapekuzi wanne. Na kama nusu ya wateja ni wanawake, wawili kati ya hao lazima wawe wanawake. Mara nyingi analetwa mmoja tu, foleni ya wanawake inarefuka maradufu, halafu lawama zinaangukia "programu ya tiketi".

Ukibakiwa na pesa ya mtu mmoja wa ziada, usinunue simu ya bei. Mlipe kijana atembee mita 10 mbele ya geti akisema: fungua tiketi, ongeza mwanga, futa kioo. Huyo ataokoa muda kuliko kamera yoyote.

Kilichomo ndani ya msimbo

Kosa la kwanza ni kuweka namba ya mfuatano, kama 00147. Mjanja atatengeneza 00148 kabla ya chakula cha mchana. Kosa la pili ni kuweka anwani ya wavuti ambayo lazima ifunguliwe kwenye seva (kompyuta iliyoko mtandaoni), kwa sababu seva hiyo hutaifikia.

Weka taarifa fupi pamoja na saini ya kidijitali. Seva inatia saini kwa ufunguo wa siri. Simu za getini zinabeba ufunguo wa wazi tu, unaoweza kuthibitisha saini lakini hauwezi kutengeneza tiketi mpya. Hata simu ikiibwa, mwizi hawezi kughushi tiketi. Mpangilio unaotosha ni huu: baiti 8 za namba ya bahati nasibu ya tiketi, baiti 2 za tamasha, baiti 1 ya daraja la tiketi na mstari wa kuingilia, na baiti 64 za saini ya aina ya ECDSA P-256. Jumla ni baiti 75. Ziandike kwa Base32 (njia ya kuandika baiti kwa herufi na tarakimu), utapata herufi na tarakimu 120 kamili, ambazo zinaingia kwenye QR ya toleo la 5, kiwango M cha kurekebisha makosa. Huo ni mraba wa vidoti 37 kwa 37, unaosomeka vizuri hata kwenye simu ndogo yenye kioo kilichopasuka. Kiwango M huvumilia uharibifu wa takriban asilimia 15. Usikimbilie kiwango H ukidhani ni bora: data ileile italazimika kuingia kwenye mraba mkubwa zaidi, vidoti vinakuwa vidogo, na kamera ya bei nafuu inahangaika.

Kuna mtego mmoja unaomaliza siku nzima ya kazi. Maktaba nyingi (vifurushi vya programu vilivyoandikwa tayari) za upande wa seva hutoa saini ya P-256 kwa mtindo wa DER, baiti 70 hadi 72, ilhali kivinjari cha simu ya getini, ambamo ukurasa wa ukaguzi hufunguliwa, kinataka baiti 64 tupu. Ukiona kila tiketi, hata halali, inakataliwa, angalia hapo kabla ya kushuku funguo.

Meza za VIP zinataka uangalifu wake. Meza ya watu 8 isipewe msimbo mmoja wa kusomwa mara 8. Watu hawaji pamoja, aliyenunua anachelewa, na wenzake wanasimama getini wakimpigia simu isiyoshika. Toa misimbo 8, kila mmoja na jina la meza, aisambaze mwenyewe.

Ukurasa wa mauzo

Bango la tamasha hutoka kwa mbunifu likiwa na megabaiti 3 au 4, na watu hulipandisha hivyohivyo. Lipunguze liwe WebP (aina nyepesi ya faili la picha) chini ya kilobaiti 100. Tangu Julai 2021 bando la intaneti lina ushuru wa asilimia 12, na mteja wako analipia kila kilobaiti. Ukurasa mzima, picha zikiwemo, ulenge kilobaiti 300, na uujaribu kwenye simu ya Tecno au itel ya bei ya chini, nje ya ofisi, ukitumia data ya simu.

Wateja wengi watafika kupitia kiungo cha WhatsApp, TikTok au Instagram. Kiungo hicho mara nyingi hufunguka ndani ya programu hiyohiyo, si kwenye kivinjari chenyewe, na mteja akienda kusoma ujumbe kisha akarudi, ukurasa umefutika. Basi usitegemee kumbukumbu ya ukurasa. Oda ihifadhiwe kwenye seva tangu mwanzo, na tiketi itumwe pia kwa SMS ikiwa na kiungo kifupi.

Usichague sarafu kwa kuangalia anwani ya IP (namba ya mtandao inayodokeza mteja yuko wapi). Facebook ilifungwa nchini Januari 2021 na matumizi ya VPN (programu inayoficha mahali ulipo) yakaenea, kwa hiyo mtu aliyeko Kisenyi, hapa Kampala, anaweza kuonekana yuko Uholanzi na kuonyeshwa bei kwa euro. Weka UGX, yaani shilingi ya Uganda, basi.

Na saa! Msomaji wa Kiswahili au Kiganda akiona "saa 1 jioni" anaelewa jua linapozama. Mwingine anasoma 1 akafikiri ni mchana. Andika zote mbili: saa 1 jioni, 19:00. Kwenye seva hifadhi muda wa UTC (saa ya pamoja ya dunia), onyesha wa Afrika Mashariki, yaani UTC+3.

Malipo ya simu

Hapa ndipo pesa hupotea, kwa hiyo twende polepole.

Safisha namba kwanza. Watu huandika 077, +256 77, au huacha nafasi katikati. Zote zigeuze ziwe tarakimu 12 zinazoanza na 256. Namba za 076, 077 na 078 ni za MTN, na 070, 074 na 075 ni za Airtel, lakini mpe mteja nafasi ya kubadilisha mtandao uliomchagulia.

Shilingi ya Uganda haina senti kwenye mifumo ya malipo. Maktaba zilizoandikwa kwa ajili ya dola huzidisha kwa 100 bila kukuuliza, na tiketi ya 20,000 inageuka kuwa 2,000,000. Jaribu kwa kiasi kidogo cha pesa halisi kabla ya kufungua mauzo, kwa sababu mazingira ya majaribio ya MTN hutumia EUR, yaani euro, na kosa hili halitaonekana huko.

Kila oda iwe na namba moja ya rejea, nayo itengenezwe oda inapoanza, siyo kitufe kinapobonyezwa. Mteja akibonyeza mara tatu kwa wasiwasi, mara zote tatu ziende na rejea ileile, akatwe mara moja tu. Ukituma ombi la malipo, jibu la kwanza lina maana ya "nimepokea ombi", halina maana ya "pesa imelipwa". Pesa hulipwa mteja anapoweka namba yake ya siri. Taarifa ya mwisho ya MTN hutumwa kwako mara moja tu. Seva yako ikiwa chini dakika hiyo, hairudiwi. Kwa hiyo uliza mwenyewe: kila sekunde 5 kwa dakika mbili za kwanza, kisha kila dakika kwa saa nzima.

Shikilia kiti kwa dakika 10. Muda ukiisha, kirudishe sokoni, lakini endelea kuuliza hali ya malipo. Mtu hukatwa pesa dakika ya 12, nawe umeshaandika "imeshindikana". Malipo yakifika kwa kuchelewa, mpe tiketi kama bado zipo, la sivyo mrudishie siku hiyohiyo na SMS umtumie bila kungoja aulize. Anayelalamika kuwa hajaona ombi kwenye skrini mwelekeze kwenye *165# kwa MTN au *185# kwa Airtel, ili aangalie malipo yanayosubiri idhini yake.

Mtandao wa geti

Unahitaji laptopu moja, ruta moja isiyo na intaneti, na simu za wakaguzi. Laptopu inabeba orodha ya tiketi na kupokea kila usomaji, ili mstari A ujue kilichopita mstari B. Ruta ifungwe juu kwenye nguzo, mita 2.5 au zaidi, maana miili ya watu humeza mawimbi. Iwe na betri yake ndogo. Jenereta inapobadilishwa, umeme hukatika kidogo tu, ila ruta huchukua dakika mbili kuamka.

Kivinjari hakitoi kamera kwa ukurasa usio wa HTTPS (muunganisho salama wenye cheti). Ukifungua anwani ya laptopu inayoanza na 192.168 moja kwa moja, utabaki na skrini nyeusi. Suluhisho ni kutenga jina dogo chini ya kikoa chako (jina la tovuti yako), ulipatie cheti cha HTTPS kutoka Let's Encrypt kwa njia ya rekodi ya DNS (orodha ya majina ya mtandao), ukiweke kwenye laptopu, na ndani ya ruta uandike kuwa jina hilo ni anwani ya laptopu. Vyeti hivyo huishi siku 90, kwa hiyo linganisha tarehe yake na ya tamasha.

Androidi ikiona waifai haina intaneti, inaiacha kimyakimya na kurudi kwenye data ya simu. Zima data kwenye kila simu ya geti, na ikikuuliza kama ubaki kwenye waifai hiyo, kubali. Zuia pia skrini isizime, na uombe kivinjari ruhusa ya hifadhi ya kudumu ili kisifute orodha.

Laptopu ikianguka, kila simu bado inaweza kuthibitisha saini peke yake. Isichojua ni kama nakala ya tiketi imeshapita kwingine. Ndiyo kazi ya herufi ya mstari iliyomo kwenye ile baiti moja. Tiketi iwe na A, B au C kubwa, na simu ya mstari B ikatae ya A. Nakala zote za tiketi moja zitalazimika kukutana kwenye simu moja, na ya pili itanaswa.

Usomaji uandikwe kwenye hifadhi ya simu kabla rangi ya kijani haijatokea. Ukigeuza mpangilio huo, ukurasa ukijifungua upya, tiketi iliyopita inakuwa mpya tena.

Skrini ya kukataa isiseme "si halali" peke yake. Iseme: "Ilipita saa 2:41 usiku, mstari A." Ndugu wawili wakija na picha ileile, kanyama (mlinzi) wa getini akiwageuzia skrini hiyo, wenyewe hutazamana, na ugomvi unahamia kwao. Ongeza mtetemo, kwa sababu spika zikianza hakuna atakayesikia mlio.

Laptopu pia ionyeshe idadi ya walioingia kwa maandishi makubwa, na msimamizi wa usalama aione. Usiku wa kuamkia 1 Januari 2023 watu wasiopungua tisa walikufa kwa msongamano katika jengo la maduka kando ya barabara ya Entebbe, watu walipotoka kutazama fataki na kurudi. Uwezo wa eneo ukifikiwa, funga kuingia hata kama tiketi zimebaki, na milango ya kutokea isifungwe kwa kufuli kamwe, hata kama kuna wanaojipenyeza bila kulipa.

Asubuhi yake

Linganisha namba tatu: malipo kwenye taarifa za MTN na Airtel, tiketi zilizotolewa, na zilizosomwa getini. Malipo yakizidi tiketi, kuna wateja waliokatwa wasipate kitu. Wapigie kabla hawajafika TikTok. Tiketi zikizidi malipo, tafuta za bure ambazo promota aligawa bila kuandikisha. Bangili zilizotumika zikizidi usomaji, kuna mstari uliopitisha watu kwa macho, na saa za usomaji zitakuonyesha ni upi: tafuta simu iliyokaa kimya kwa dakika 10 wakati foleni ilikuwa ndefu. Kisha futa orodha ya majina na namba kwenye simu zote za geti, ubakize nakala moja kwenye seva, kama inavyotakiwa na sheria ya 2019 ya kulinda taarifa binafsi: usitunze kuliko unavyohitaji.