Namna ya Kurukia Maji ya Pwani ya Mtwara Bila Kuponzwa na Majigambo

Jioni za mwisho wa juma, bahari inapojaa, vijana wa Shangani na Mikindani hupenda kuruka majini kutoka juu ya mawe, kuta na vyombo vilivyotia nanga. Mchezo huo ni halali na una raha yake, lakini unageuka kuwa balaa pale mtu anapotangaza mbele ya wenzake kwamba ataruka ilhali bado hajajua kilichopo chini, kwa sababu akishatamka huona aibu kurudi nyuma. Kwa hiyo pima kwanza, na ahadi yoyote uitoe baada ya kupima.

Jambo la kwanza kulielewa ni maji yenyewe. Kwenye pwani yetu bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa ya kujaa husogea mbele kwa takriban dakika 50. Maana yake ni kwamba baada ya juma moja mwendo huo umefikia karibu saa sita: mahali palipojaa saa kumi jioni Jumapili iliyopita, Jumapili hii saa hiyo hiyo patakuwa karibu na kupwa. Anayejigamba kwamba “hapa nilishapiga kichwa wiki iliyopita” anasema kweli, na bado anaweza kuvunjika shingo. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa huweza kuzidi mita 3, yaani zaidi ya kimo cha mtu aliyenyoosha mikono juu.

Ili kupima, chukua kamba, ifunge jiwe kwenye ncha moja na upige fundo kila baada ya mita moja, kisha uishushe pale utakapotua na pande zake zote, kwani jiwe au tumbawe moja linaweza kujitokeza katikati ya mchanga. Baada ya hapo ingia taratibu kutokea ufukweni na ukague kwa macho na kwa miguu iliyovaa viatu. Ukimkuta mvuvi, mwamkie na umuulize: “Shikamoo baba, hapa chini pana nini?” Wavuvi wanajua nanga iliyoachwa, nyavu zilizonasa na mahali mkondo unapovuta, mambo ambayo kamba yako haitakuonyesha.

Ruka kwa miguu. Mtu anayeruka kutoka mita 3 hugusa maji akiwa na mwendo unaokaribia kilomita 28 kwa saa, na kichwa kikigonga mwamba, shingo hupokea uzito wa mwili wote unaofuata. Mahali usipopazoea, au maji yakiwa yamechafuka baada ya mvua, kuingia kwa kichwa kusifikiriwe kabisa.

Kuhusu wenzako, jibu ulilolitayarisha mapema husaidia kuliko ushujaa wa papo hapo. Akisema mtu, “Kaka, kumbe unaogopa maji?”, mjibu kwa utulivu: “Nasubiri yajae,” kisha mpe kamba apime mwenyewe. Mkubwa katika kundi ana wajibu zaidi, kwa kuwa wadogo humtazama yeye; akipima hadharani, hakuna atakayeona haya kufanya vivyo hivyo. Pombe na kuruka visikutane.

Kuna pia mashindano ya kukaa chini ya maji, ambayo mimi ninayaogopa kuliko kuruka. Wengine huhema haraka haraka kabla ya kuzama wakiamini wanajaza pumzi. Kinachotulazimisha kuvuta pumzi ni hasa kuongezeka kwa kaboni dayoksaidi mwilini. Kuhema namna hiyo huipunguza, hivyo oksijeni inaweza kwisha kabla mtu hajahisi haja ya kupumua, naye akazimia kimyakimya huku wenzake wakimhesabia. Usifanye hivyo, na usizame bila mtu aliye juu anayekutazama wewe peke yako.

Mtu akigonga kichwa, usimvute mkono. Mgeuze uso juu, kichwa na mgongo vikiwa katika mstari mmoja, na umshikilie hivyo hivyo juu ya maji. Ikiwa hapumui, mtoe mara moja na uanze kumpulizia pumzi, kwani hilo haliwezi kungoja. Piga simu 114, ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, kisha mlazeni kwenye ubao mpana au mlango, kichwa kikizuiwa kila upande kwa nguo zilizokunjwa, ndipo mumpeleke Hospitali ya Ligula akiwa amelala kwenye gari. Msimpakie kwenye bodaboda akiwa ameketi kati ya watu wawili, hata kama anasema anaweza, kwa kuwa mfupa wa shingo uliovunjika unaweza kukata uti wa mgongo njiani.