Kumrudisha studio mwimbaji mkongwe wa dansi: anzeni na ufunguo

Mwimbaji aliyekaa miaka mingi bila kurekodi, tatizo lake la kwanza ni ufunguo, yaani kimo cha sauti ambacho wimbo mzima umewekwa. Wimbo alioutunga akiwa na miaka 30 uliwekwa pale sauti ilipokuwa inang'aa. Akifika 65, noti zile za juu hutoka kavu au hazitoki kabisa.

Mwimbishe kwa gitaa moja tu. Tafuta noti ya juu anayoweza kuishika sekunde 4 bila kukaza shingo, kisha pangeni wimbo usipande hadi hapo: acheni akiba ya nusu toni 2 (nusu toni ni hatua ndogo kabisa, kama kizuizi kimoja cha gitaa).

Kushusha nako kuna hesabu yake. Saksafoni na tarumbeta huandikiwa noti tofauti na zinazosikika. Wimbo wa G ukiuteremsha hadi F#, alto saksafoni itasoma D# (huandikwa Eb) na tarumbeta G# (huandikwa Ab), na wapulizaji wengine watanuna. Nenda moja kwa moja F: alto inasoma D, tarumbeta inasoma G, vidole vinaijua njia. Mpiga gitaa la solo atalalamika kwamba nyuzi wazi zimempotea; afunge kapo (kibanio cha nyuzi) kwenye kizuizi cha kwanza, apige maumbo ya E. Mkishuka hadi Eb, besi ya nyuzi 4 haina ile Eb ya chini, kwa hiyo mstari wake upangwe upya.

Nyimbo za kutia moyo huharibikia kwenye chemko, ile sehemu ya mwisho ya kuchangamka. Vijana huongeza kasi, mzee anameza silabi, na neno la faraja ndilo linalopotea. Kasi ibaki ileile. Mpeni mistari mifupi ya kuita, waitikiaji 3 wajibu. Wanapoitikia ndipo anapovuta pumzi.

Siku ya kurekodi sauti, aanze saa nne au saa tano asubuhi, koo likiwa limeshaamka. Maikrofoni iwe sentimita 15 hadi 20 kutoka mdomoni, hedifoni sikio moja. Aimbe wimbo mzima mara 3, apumzike dakika 20. Nyimbo 2 kwa siku zinatosha. Mara ya tano huwa mnarekodi uchovu.

Programu ya kunyoosha noti msiiguse. Mtetemo wa sauti yake ni mpana, programu itaukatakata kama roboti. Mkwaruzo nao uacheni, wasikilizaji wake wanamtambua kwa huo.

Kama mnarudia nyimbo za bendi yake ya zamani, ridhaa ya mtunzi ipatikane kwa maandishi kabla ya kulipia studio, halafu kazi isajiliwe COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania. Kuimba wimbo miaka 20 jukwaani hakumfanyi mtu kuwa mtunzi wake.