Mashine yako ya kubangua korosho: kutoka karakana ya chuo hadi sokoni

Kazi yangu ni kuwasaidia watafiti wa vyuo hapa Mtwara kuutolea leseni uvumbuzi wao, yaani kuruhusu wengine wautengeneze na kuuuza kwa malipo. Tuchukue mfano wa mashine ndogo ya kubangua korosho bila kuvunja kiini, wala kumrushia mbanguaji yale mafuta ya ganda yanayounguza vidole.

Hatua ya 1: Funga mdomo. Mtafiti mmoja aliipeleka mashine yake Nanenane, pale Ngongo, Lindi. Akaifungua mbele ya watu, wakapiga picha. Miaka miwili baadaye akaja kwangu kuulizia hataza, yaani haki ya kisheria ya kuwazuia wengine kuiga uvumbuzi wako. Sharti la hataza ni upya, na upya ulikuwa umekwisha. Niliumia sana siku ile. Basi kabla ya maonyesho, makala, hata picha ya WhatsApp, wasilisha ombi. Ukilazimika kumwonyesha fundi, asaini kwanza mkataba wa kutunza siri.

Hatua ya 2: Toa taarifa chuoni. Andika nani alichangia nini na fedha zilitoka wapi, maana mfadhili naye anaweza kuwa na haki. Mwanafunzi aliyebuni gia ni mvumbuzi, mtaje. Kisha soma sera ya miliki bunifu ya chuo ujue mrabaha, yaani malipo yatokanayo na leseni, unagawanywaje.

Hatua ya 3: Omba hataza BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara na leseni. Ukiona wateja hata Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma, pitia ARIPO, shirika la miliki bunifu la nchi kadhaa za Afrika, kule Harare. Ombi moja hutaja nchi kadhaa. (Aina mpya ya mkorosho haipiti njia hii, ina sheria yake ya mwaka 2012.)

Hatua ya 4: Chagua wa kumpa. Mashine hii ningewapa karakana kadhaa leseni isiyo ya pekee, yaani wengi wanaipata kwa pamoja: vifaa wanavyo na wateja wanawajua. Kampuni changa ya watafiti wenyewe inafaa pale kazi inapodai miaka ya kuendelezwa, kama kutengeneza rangi kwa mafuta ya ganda. Hapo mwekezaji atataka leseni ya pekee, asipewe mwingine, na chuo kinaweza kuchukua hisa badala ya malipo ya awali.

Hatua ya 5: Mkataba. Dai mrabaha kwenye mauzo, kamwe si kwenye faida. Faida hufichika vitabuni. Chuo kibaki na haki ya kuendelea kutafiti. Weka tarehe ya mashine ya kwanza kuuzwa, ikipita leseni irudi chuoni. Mimi huiweka kabla ya Oktoba, kwa sababu minada ya korosho ikishachanganya, korosho ghafi zinapakiwa melini bandarini Mtwara na mbanguaji anabaki na mashine isiyo na kazi.